Jani, jiwe na barafu: zile tarehe za tabianchi ya kale zinapatikanaje hasa

Ukisoma habari za tabianchi utakutana na sentensi kama "miaka 12,900 iliyopita baridi ilirudi ghafla", au "ziwa hili lilikuwa limekauka kabisa kabla ya kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita", na inaandikwa kirahisi tu kama vile kuna mtu alikuwepo na kalenda ukutani. Mimi kilichonikaa kichwani muda mrefu sio hiyo baridi wala huo ukame, ni hiyo namba. Imetoka wapi? Nani kahesabu, na kahesabu nini?

Watu wengi wanadhani kuna mashine moja, unaingiza udongo huku, kule inatoka tarehe pamoja na joto la wakati huo. Hakuna kitu kama hicho. Kuna kazi mbili tofauti kabisa, ya kwanza ni kujua nini kilitokea, yaani kulikuwa na joto au baridi, mvua au kiangazi, na hiyo inasomwa kwenye chavua, kwenye magamba ya vijimea vya majini, kwenye aina za oksijeni zilizomo kwenye barafu na kadhalika. Ya pili ni kujua lini. Na hii ya lini ndo ngumu, ndo inayoleta ubishi, kwa sababu moja ambayo ukiishika mengine yote yanafunguka: kila kipimo cha umri kinajibu swali lake chenyewe, sio lazima liwe swali uliloliuliza wewe. Unauliza ukame ulianza lini, kipimo kinakujibu jani hili lilikufa lini. Kutoka jibu hilo mpaka swali lako kuna safari.

Tuanze na kaboni maana ndo inayojulikana zaidi. Huko juu angani miale kutoka anga za mbali inagonga hewa, inatoa nyutroni, nyutroni zinaigonga naitrojeni na baadhi inageuka kuwa kaboni 14. Hii ni kaboni kama nyingine ila nzito kidogo na haitulii, inaoza taratibu kurudi kuwa naitrojeni. Ni chache mno, kwenye atomu trilioni moja za kaboni angani hiyo 14 ni kama moja tu hivi. Mmea unavuta hewa, unaichukua pamoja na ile ya kawaida, mnyama anakula mmea, wote wanakuwa nayo kwa kiwango kilekile cha angani mradi wako hai. Ukifa huingizi tena. Kuanzia hapo inapungua tu, na kila baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Kwahiyo ukikuta kipande cha mti kimebaki na robo ya kiwango cha mwanzo ujue ni nusu mara mbili, miaka 11,460. Aliyeligundua hilo na kulifanya lipimike ni Willard Libby na wenzake pale Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 akapewa Nobel ya kemia.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza. Shida iko kwingine. Ukifika miaka 50,000 kilichobaki ni chini ya robo ya asilimia moja ya kiwango cha mwanzo, na hapo uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu. Chukua kipande cha kale kabisa ambacho hakina tena kaboni 14 hata chembe, kikichanganyika na asilimia moja tu ya kaboni ya leo, labda kimzizi kimepenya kutoka juu au kuna ukungu umeota kwenye sampuli stoo, mashine itakuambia kina miaka kama 37,000. Namba nzuri kabisa, haina dalili yoyote ya uongo. Ila ukigeuza, ukachukua kitu cha juzi ukakitia asilimia moja ya kaboni mfu, yaani isiyo na kaboni 14 tena, kosa lake ni miaka kama 80 tu. Yaani uchafu uleule, upande mmoja unakupoteza kwa makumi ya maelfu ya miaka, upande mwingine haufiki hata umri wa mzee mmoja. Ndo maana sampuli zinaoshwa kwa asidi, kisha alkali, kisha asidi tena kabla ya kuchomwa na kupimwa, na ndo maana tarehe yoyote ya kaboni iliyo juu ya miaka 35,000 mimi huisoma taratibu sana.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Hesabu ya Libby ilichukulia kwamba kiwango cha kaboni 14 angani kilikuwa kilekile siku zote, na sio kweli. Jua linabadilika, usumaku wa dunia unapanda na kushuka, bahari inameza na kutema kaboni. Tukaongeza na ya kwetu, moshi wa makaa ya mawe na mafuta umeimwaga angani kaboni iliyokufa zamani, halafu majaribio ya mabomu ya nyuklia yakafanya kaboni 14 angani kaskazini mwa dunia ikaribie kuwa mara mbili ilipofika miaka ya 1963 na 1964. Kwahiyo "miaka ya kaboni" na miaka ya kalenda ni vitu viwili. Unahitaji chati ya kutafsiri, na chati hiyo imejengwa kwa vitu ambavyo umri wake unajulikana kwa njia nyingine, kwanza kabisa pete za miti, moja kwa kila mwaka, ambazo unazihesabu moja moja. Na ukiona imeandikwa "miaka kabla ya sasa" kwenye mambo ya kaboni, hiyo "sasa" ni mwaka 1950, imegandishwa hapo makusudi ili tarehe zisiwe zinazeeka kila mwaka.

Hiyo chati haiko nyoofu, ina mabonde na tambarare, na kwenye tambarare kaboni inakuwa kama kipofu. Maarufu ni ile ya kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo, vitu vilivyokufa miaka karibu 400 tofauti vinatoa takriban namba ileile. Hakuna mashine ya bei yoyote itakayolitatua hilo, sio tatizo la mashine, ni anga yenyewe ndo ilikuwa hivyo.

Pete za miti zinafika mahali zinaisha, na hapo ndo lilipoingia ziwa moja la Japani linaitwa Suigetsu, na hii habari naipenda kuliko zote kwenye mada hii. Ni ziwa dogo, tulivu, chini yake hakuna oksijeni kwahiyo hakuna minyoo ya kuchimbachimba tope. Kila mwaka linaweka tabaka mbili nyembamba, moja nyepesi moja nyeusi, kama kurasa, na kurasa hizo zinaendelea kwa makumi ya maelfu ya miaka. Walipochimba mwaka 1993 walitoboa shimo moja, na kati ya bomba moja na lingine kulipotea vipande vidogo vya tope, ukipoteza sentimita mbili umepoteza miaka na hujui ni mingapi. Mwaka 2006 wakarudi wakatoboa mashimo kadhaa jirani, marefu yakipishana, ili pengo la shimo hili lizibwe na tope la shimo lile. Halafu wakaokota majani ya miti ya nchi kavu yaliyoanguka ziwani, mamia, wakayapima kaboni moja moja huku tabaka zimehesabiwa mpaka pale kila jani lilipolala. Matokeo yakatoka mwaka 2012 na yalifika nyuma mpaka miaka karibu 52,800. Kwa mara ya kwanza anga ya kale ilipimwa moja kwa moja kupitia majani, mbali kabisa kuliko miti inavyoweza kufika.

Kwanini majani ya nchi kavu, na sio chochote kilichomo kwenye tope? Hapa watu wanateleza sana. Mmea unaoota ndani ya maji unachukua kaboni ya majini, na maji yakipita kwenye mawe ya chokaa yanayeyusha kaboni ambayo ina mamilioni ya miaka, imekufa kabisa. Gesi ya volkano ikitokea chini ya ziwa nayo ni hivyohivyo. Mmea uliokatwa leo asubuhi, bado mbichi, unaweza kusoma kwamba una miaka mia kadhaa, pengine hata maelfu. Baharini nako kuna kitu kinafanana na hicho, maji ya juu kwa wastani yanaonekana na umri wa miaka kama 400 hata kama samaki amevuliwa sasa hivi. Jani la mti wa ufukweni lenyewe limevuta hewa ya angani, halina hilo tatizo. Ndo maana ukienda maabara utakuta mtu amekata kipande cha tope cha sentimita moja, amekiosha kwenye chekecheke laini, ameinamia darubini na koleo jembamba mkononi anatafuta kipande cha jani, mbegu, bawa la mdudu, kinachotosha kutoa kama miligramu moja ya kaboni. Anaweza kukaa saa nzima akapata vipande viwili. Au asipate.

Na hata akipata, jani limekufa lini sio sawa na jani limefika ziwani lini. Kipande cha mti kinaweza kukaa kwenye mchanga wa kijito karne tatu halafu mafuriko yakakibeba. Kwahiyo unataka kitu laini, jani ambalo lisingeweza kusafiri mbali bila kuchakaa, na unataka tarehe nyingi, unaangalia kama zinapangika kwa mfuatano, za chini zaidi ziwe kongwe zaidi. Moja ikiruka nje ya mstari ujue ina historia yake.

Kwa tope la juujuu, la miaka 150 hivi ya karibuni, kaboni haifai, unatumia risasi 210, aina ya madini ya risasi inayooza, ambayo inabaki nusu kila miaka 22 hivi, pamoja na sisiamu 137 ya yale mabomu, ambayo kilele chake cha 1963 unakiona kama alama ya kalamu kwenye tope sehemu nyingi duniani. Na kuna majivu ya volkano. Volkano ikilipuka majivu yanaanguka kila mahali kwa wakati mmoja, na kila volkano ina kemia yake, kwahiyo ukiyakuta kwenye maziwa mawili umepata siku ileile sehemu mbili. Chembe za Toba, ile volkano ya Sumatra iliyolipuka miaka kama 75,000 iliyopita, zilipatikana kwenye tope la Ziwa Malawi, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka ilikolipukia, chembe ndogo kiasi kwamba kwa macho huzioni kabisa.

Kwenye ziwa Challa, lile la kreta ubavuni mwa Kilimanjaro mpakani mwa Kenya na Tanzania, tabaka zinakuonyesha mpaka msimu. Miezi ya kiangazi chenye upepo maji yanachanganyika, virutubisho vinapanda juu, vijimea vyenye magamba ya kioo vinazaana kwa wingi na vikifa vinaanguka chini vinaacha utepe mweupe. Msimu wa joto na mvua unaacha utepe mweusi. Utepe mweupe ukiwa mnene, mwaka huo ulikuwa mkavu na wa upepo. Hapo lini na nini vimekaa kwenye mstari mmoja, ni jambo la nadra. Mwaka 2016 walichimba hapo zaidi ya mita 200 za tope, takriban robo milioni ya miaka.

Sasa rudi kwenye ziwa lililokauka. Ni Ziwa Victoria. Kwenye tope lake, hata la sehemu za kina, ukishuka unafika mahali tope laini la ziwani linaisha ghafla na unakuta udongo mgumu wa nchi kavu wenye mabaki ya vimizizi. Yaani ziwa lote kubwa lile palikuwa na majani yanaota. Unapima kaboni ya tope la kwanza juu ya huo udongo, unapata kama miaka 15,000. Swali, ziwa lilikauka lini? Hiyo tarehe haijibu. Inajibu maji yalirudi lini. Ziwa likiwa kavu halitunzi kumbukumbu, na upepo unaweza ukachukua hata kurasa zilizokuwepo kabla, kwahiyo mwanzo wa ukame ni mgumu kuupata kuliko mwisho wake. Nimeshaona mara nyingi watu wanaichukua tarehe ya maji kurudi wanaiandika kama ndo tarehe ya ukame, na kosa hilo likishaingia kwenye maandishi linanakiliwa miaka.

Milimani kuna mtego kama huohuo. Barafu kubwa ya mlimani inatembea, inasukuma mawe na kifusi, na pale ilipofikia inaacha tuta. Tuta likiwa limebaki peke yake chini bondeni unajua barafu iliwahi kufika hapo. Lini? Ukikuta kipande cha mti chini ya tuta, barafu ilifika baada ya mti huo kufa. Ukikuta kibwawa nyuma ya tuta na tope lake la chini kabisa lina jani, barafu ilishaondoka kabla ya jani hilo. Umepata kizingiti cha huku na kizingiti cha huku, katikati hujui, na pengine katikati ni miaka elfu tatu.

Kilichobadilisha kazi hii ni berili 10. Ile miale ya anga za mbali inayotengeneza kaboni 14 hewani inagonga pia mawe, na ndani ya madini ya kwatzi inazalisha berili 10, kidogo sana, usawa wa bahari mbali na ikweta ni kama atomu 4 kwa gramu kwa mwaka, mlimani ni zaidi. Jiwe likiwa limefunikwa na barafu nene halipati kitu. Siku barafu inaliacha juu ya tuta, saa inaanza. Wanapanda, wanachonga sentimita chache za juu za jiwe kubwa lililotulia, wanahesabu atomu. Jibu ni jiwe hili limeliona anga kwa miaka mingapi. Lakini jiwe likiwa lilishaliona anga huko juu kabla halijabebwa litaonekana zee kuliko ilivyo, na likiwa liligeuka au lilifunikwa na udongo litaonekana changa, kwahiyo jiwe moja sio tarehe, unachukua mengi kwenye tuta lilelile na unaangalia yanakubaliana wapi. Kwa njia hii ndo tumejua kwamba barafu za Rwenzori zilianza kurudi nyuma miaka kama 20,000 iliyopita, mapema kabla kaboni dioksidi angani haijaanza kupanda sana. Kaboni peke yake isingeweza kutupa hilo.

Na wakati mwingine mmea wenyewe unatoka chini ya barafu. Quelccaya kule Peru, barafu iliporudi nyuma miaka ya 2000 ilifunua mimea laini ya mlimani ikiwa imesimama palepale ilipoota, na kaboni ikasema miaka kama 5,200. Fikiria maana yake. Mmea laini namna ile ukikaa wazi unaoza au unapeperushwa ndani ya miaka michache, kwahiyo tangu ufunikwe haujawahi kufunuliwa mpaka sasa. Tarehe moja imekupa vitu viwili, siku barafu ilipofika, na kwamba kwa miaka 5,200 haijawahi kusinyaa mpaka hapo.

Barafu yenyewe nayo inasomwa. Greenland unahesabu tabaka za mwaka kama pete za mti, ukizidi kushuka zinabanwa mpaka hazionekani tena. Antaktika wamefika miaka 800,000, na mwaka 2025 ilitangazwa barafu ya zaidi ya milioni 1.2, huko kaboni haina kazi tena. Ila kuna jambo linalochanganya hata watu makini: hewa iliyomo kwenye viputo ni changa kuliko barafu iliyoizunguka. Theluji ya juu bado ina matundu, hewa inapita, mpaka ifike kina cha mita 50 hadi 100 ndo inafungwa, na sehemu kavu za Antaktika tofauti hiyo ni maelfu ya miaka. Ukitaka kujua kati ya joto na kaboni dioksidi kipi kilitangulia, joto unalisoma kwenye barafu na gesi unaisoma kwenye kiputo, usipoisahihisha hiyo tofauti jibu lako litakuwa la kosa la saa tu.

Kwenye barafu ya ikweta ni pagumu zaidi maana misimu haionekani vizuri. Nguzo sita zilizochimbwa Kilimanjaro mwaka 2000 zilitangazwa kuwa na miaka 11,700 chini kabisa, lakini sehemu kubwa ya hiyo tarehe ilipatikana kwa kulinganisha mchoro wa oksijeni wa barafu na mchoro wa oksijeni wa mawe ya pango la Soreq, Israeli, mpaka mabonde yafanane. Hapo umeshachukulia kwamba sehemu zote mbili zilibadilika pamoja, ambalo ndo jambo ulilotakiwa kulithibitisha. Baadaye wengine wakahoji, wakisema barafu ya pale juu inaweza kuwa imeisha na kurudi zaidi ya mara moja. Mimi naona hoja yao ina uzito, ijapokuwa kusinyaa kwa barafu hiyo tangu 1912 hakuna anayekubishia, kumepimwa kwa ramani na picha.

Kinacholeta uhakika ni saa mbili zisizojuana zikikutana. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwenye pete za miti za mwaka 774 na 775 kaboni 14 iliruka ghafla, anga ilipigwa na mnunurisho, yaani miale, mkali sana. Mnunurisho huohuo ulizalisha berili 10 nyingi, na berili ikaanguka na theluji Greenland. Kwahiyo mti na barafu vina alama ya tukio moja. Walipozilinganisha, matokeo yakitoka 2015, kumbe kalenda ya barafu ilikuwa imekosea kwa miaka kama 7 kwenye karne zile, na kuna mtaalamu wa pete za miti, Mike Baillie, alishasema hivyo tangu 2008. Miaka saba tu. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mlipuko wa volkano ambao barafu iliuweka karibu na mwaka 529, na kuna pete nyembamba, za baridi kali, za mwaka 536, na watu wakawa wanabishana kama vina uhusiano kweli maana majivu hayakai angani miaka saba. Kalenda iliposogezwa, mlipuko ukaja kukaa kwenye 536, mwaka uleule ambao mwanahistoria Procopius aliandika kwamba jua lilitoa mwanga bila ung'avu, mwaka mzima, kama mwezi.